Rangi ya Nyumba ya Doña Ercilia

Jumatatu, 4 Desemba

Leo darasani nimesema maneno mawili. "Nipo, Sista." Sista alikuwa anaita majina. Basi, siku imeisha. Tangu Septemba sijanyoosha mkono, si kwa Kihispania wala kwa Kiingereza. Nikiulizwa, shingo inapata moto, masikio yanaziba, na jibu ninalolijua vizuri kabisa linakimbilia tumboni.

Lakini saa kumi jioni mimi ni mtu mwingine! Dukani kwa Don Fello, pale kona, mimi ndiye Mkalimani. Wazee wanne wa meza ya dhumna wanaisubiri simu yangu. Nawasomea habari za Marekani kwa Kihispania, nao wananyamaza. Wamenipa hata kiti: kreti ya bia iliyopinduliwa, juu yake mto. Hakuna mwingine wa miaka kumi na mitano mwenye kiti pale. Na hakuna mahali pengine duniani ambapo mimi nafungua mdomo na watu wanafunga yao.

Sababu ni Anderlin Paniagua. Mrushaji wetu wa besiboli, mkono wa kushoto, aliyekulia nyumba ya tatu kutoka kwetu na kuvunja dirisha letu mara mbili. (Kioo cha pili Mama amekataa kukibadilisha. Anawaonyesha wageni.) Mkataba wake na timu ya Kansas City, kule Marekani, umeisha. Yuko huru kwenda timu yoyote. Mji wetu wa Baní mzima umeshika pumzi.

Leo waandishi wameandika kwamba timu kumi na moja zinamtaka na hakuna anayejua kitu. Nikasoma hivyo hivyo. Don Fello akauliza, ndiyo hayo tu? Nikasema ndiyo hayo tu. Akarudi kupima mchele bila hamu.

Hapo akaingia binamu yangu Yeudy. Miaka kumi na saba, hereni moja, sauti ya mnadani. Akatangaza: New York, imekwisha hiyo! Kaambiwa na jamaa anayemjua jamaa anayemkanda Anderlin misuli. Jamaa gani, hakusema, na hakuna aliyeuliza. Wazee wakapiga meza kwa furaha. Don Chichí, ambaye ndiye mkubwa wao, akamwambia, "Njoo ukae hapa, kijana, utueleze vizuri."

Hapa ni wapi? Kwenye kreti yangu! Nilikuwa nimeinuka kidogo tu, kurekebisha sketi.

Nilisimama mpaka mwisho. Lazima nipate habari ambayo haijaandikwa popote.

Jumatano, 6 Desemba

Nimepata! Magazeti ya nini? Tazama rangi!

Kila Desemba tunapaka nyumba. Mtu anaweza kukosa vyote, lakini Krismasi haimkuti na ukuta wa mwaka jana. Doña Ercilia, mama yake Anderlin, naye hupaka. Nimekaa na Mama jikoni tukakumbuka. Anderlin alipoanza na timu nyekundu, nyumba ilikuwa nyekundu. Alipouzwa Kansas City, timu ya bluu, Desemba ile nyumba ikawa bluu! Mama akasema kuna mwaka ilikuwa ya waridi. Nikamwambia huo hatuuhesabu.

Mzazi anajua mapema. Anajua, anajikaza asiseme, lakini mkono unamponyoka kwenye rangi. Kwa nini hakuna mwandishi hata mmoja aliyeliona hili?

Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi kuuliza Doña Ercilia ameagiza rangi gani. Swali moja tu. Nilifanya mazoezi njia nzima. Muuzaji akanitazama. Nikageukia misumari. Nimeitazama misumari dakika arobaini. Mwisho akaja mwenyewe kuniuliza nataka nini. Nikasema bawaba. Ya mlango au ya dirisha? Nikasema zote mbili.

Nimerudi na bawaba mbili. Mama ameuliza za nini. Nimemwambia ni za shule.

Alhamisi, 7 Desemba

Fundi Mecho alifika kwa Doña Ercilia asubuhi na ndoo mbili. Nilifunga kamba za viatu mara sita mbele ya geti. Ndoo zilikuwa zimefunikwa. Lakini ubavuni mwa moja, tone! Limeteremka mpaka chini likakauka. Bluu!

Saa kumi nikaingia dukani hata salamu sikutoa. Nikasema: bluu. Nikaeleza yote, nyekundu ya zamani, bluu ya Kansas City, tone. Wazee wakaziweka dhumna chini. Don Chichí akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akauliza: bluu ya nani?

Hilo sikuwa nimelifikiria.

Los Angeles ni bluu. Toronto bluu. Chicago bluu. Texas, Milwaukee. Kansas City pia, ila huko ndiko anakotoka, tukaifuta. Don Fello akataka kujua ni bluu ya sare ya shule, ya polisi, au ya bahari. Nikasema ya bahari. Bahari ya jua au bahari ya mvua? Nikasema ya jua. Halafu nikasema ya mvua. Yeudy alicheka hadi akashikilia friji. Kisha akanishukuru mbele ya watu. New York nao si bluu? Bluu iliyokolea! "Binti kathibitisha mwenyewe, mmemsikia. Asante, mdogo wangu. Sasa inuka nikae."

Sijui mdomo ulifunguka vipi. Nikamwambia tuwekeane dau! Atakayekosea ataongoza nyimbo za Krismasi, aguinaldo, Jumamosi tarehe kumi na sita, alfajiri, kutoka mlango wa Doña Ercilia hadi kanisani. Mbele ya watu wote. Kila ubeti peke yake. Atakayepatia, kreti ni yake na mwingine asiiguse tena. Wazee wakawa mashahidi. Don Fello akaandika masharti kwenye karatasi ya kufungia jibini, akaibandika ukutani.

Kuimba! Mimi! Mimi ambaye kanisani nachezesha midomo tu!

Ijumaa, 8 Desemba

Nyeupe.

Nyumba nzima ni nyeupe. Nani mweupe? Timu zote zinavaa nyeupe zikicheza kwao! Nikapeleka habari dukani kwa sababu nisingeipeleka mimi, angeipeleka Yeudy. Wazee wakatazamana. Don Chichí akafikiri sana, akasema maana yake iko wazi: kwao. Anderlin anarudi kwao. Ameacha besiboli, anakuja Baní kufuga mbuzi.

Mama mmoja aliyekuja kununua mafuta akaanza kulia. Habari ilifika kwa kinyozi kabla yangu, nami nilikwenda moja kwa moja. Kufika kwa kinyozi, mbuzi walikuwa wameshakuwa mia mbili.

Saa kumi na moja Fundi Mecho akaingia kununua soda, akakuta msiba. Akauliza kafa nani. Akaelezwa. Akasema, jamani, ile ni rangi ya chini, ya kuziba nyufa. Rangi yenyewe haijanunuliwa bado. Na tone la bluu? Akasema ile ni ndoo kuukuu, anachanganyia humo kila kitu, ina tone hilo tangu miaka mitatu iliyopita.

Yeudy akaniletea maji kwenye glasi, kwa heshima zote. Akaniambia nikae, nisianguke. Nilikaa. Sakafuni, kando ya magunia.

Jumapili, 10 Desemba

Mpango wa sahani. Juzi Doña Ercilia alituletea wali wa maziwa. Sahani yake iko kwetu, na sahani ya jirani hairudi tupu. Mama akaipakia pasteles, unga wa ndizi mbichi na nyama, zilizofungwa kwenye majani ya mgomba, bado zinatoa moshi. Nikasema naipeleka mimi. Mama akanishika paji la uso.

Swali langu lilikuwa dogo na la adabu: Anderlin hajambo? Hapo angeendelea mwenyewe. Doña Ercilia akanikalisha sebuleni, chini ya picha za Anderlin katika kila sare aliyowahi kuvaa. Akanimiminia juisi. Nikafungua mdomo. Nikasema: "Kuta zenu zimenyooka."

Akasema ahsante.

Kisha akaleta kadi ya rangi kutoka dukani, vile vidirisha vidogo vidogo, majina yote ya Kiingereza. Akasema, "Wewe mwanangu unasoma kwa masista, hebu nisomee." Nikasoma. Moja inaitwa Usingizi wa Jangwa. Nyingine inaitwa Siri ya Shangazi, nayo ni rangi ya maharage. Hakuna hata moja inayoitwa kwa jina la rangi. Alicheka sana. Halafu akauliza, je, mimi ningepaka ipi?

Alikuwa ananitazama, anasubiri. Sijawahi kuombwa nichague kitu katika nyumba ya mtu. Nikaweka kidole popote pale ili aache kunitazama. Akasema, "Haya, hiyo hiyo."

Niliondoka mbio. Hata sikuangalia nilichogusa. Na Anderlin sikumuulizia.

Jumanne, 12 Desemba

Chungwa! Kutoka chini hadi juu! Ukiwa barabara kuu unaiona.

Hapa naandika ukweli, kwa kuwa hakuna mwingine anayesoma. Najua kidole kilikuwa changu. Lakini nani alikipeleka pale? Kadi ile ina rangi arobaini na nane. Kwa nini kidole kiende kwenye hiyo? Halafu Doña Ercilia alisema "haya, hiyo hiyo" haraka mno. Mtu ambaye hajaamua hasemi haraka hivyo. Alikuwa ameshaamua, alitaka tu asiwe yeye aliyesema. Nikilitazama hivi, sioni kilichoharibika.

Nikaenda dukani. Chungwa, nikasema, na geti jeusi. Chungwa na nyeusi! Don Fello akapiga kaunta kwa kiganja: Baltimore! Don Chichí akapiga meza: San Francisco! Zote mbili ni chungwa na nyeusi. Wazee wakagawanyika, wawili mashariki kwa Baltimore, wawili magharibi kwa San Francisco, na mchezo ukasimama kwa sababu wenzi wa dhumna hawakuwa wanasemezana tena. Wote wakanigeukia. Mimi! Nikauliza mlango wa Doña Ercilia unatazama wapi.

Magharibi.

San Francisco! Kisha Don Fello akasema, "Huyu Marleidy si mtoto huyu." Yeudy akajisogeza kutoka kwenye kreti bila kuambiwa.

Sikuwaambia kuhusu kidole. Na kwamba geti lilikuwa jeusi kabla sijazaliwa, nalo sikulisema. Hakuna aliyeuliza.

Jumatano, 13 Desemba

Siku kubwa. Naandika polepole ili nielewe.

Asubuhi kwa kinyozi watu walikuwa wanasema San Francisco. Mchana redio ya mjini ikasema San Francisco, kwa mujibu wa chanzo kilicho karibu na familia. Saa kumi nikafungua simu mbele ya meza, na hii hapa, kwa Kiingereza, mwandishi mkubwa kabisa: taarifa kutoka Jamhuri ya Dominika zinaeleza kwamba Paniagua anaelekea San Francisco, familia imeshapaka nyumba rangi ya timu. Na picha! Nyumba ya Doña Ercilia! Pembeni zinaonekana soksi zangu kwenye kamba.

Nikawatafsiria. Don Chichí alijipangusa macho.

Kwa hiyo ni kweli! Kidole kilijua! Kwa dakika moja hivi nilijiuliza ni nani huyo chanzo aliye karibu na familia. Sisi tuko nyumba ya tatu, hapo ni karibu. Lakini haiwezekani. Yangu niliyasema kwa Kihispania, na haya yameandikwa kwa Kiingereza. Si yale yale.

Yeudy alinifuata nje. Alisema kwa sauti ndogo, sijawahi kuisikia, kwamba koo linamuuma, labda tufute yale ya kuimba. Nikamwambia masharti yako ukutani. Nilijisikia vizuri sana kusema hivyo. Naona haya, lakini ndivyo nilivyojisikia.

Alhamisi, 14 Desemba

Ningependa kuhamia mji mwingine.

Don Fello alikuwa ametundika karatasi za rangi ya machungwa mlangoni. Watoto walikuwa wamevaa chochote cha chungwa, mmoja amefungwa taulo. Nimekaa kwenye kreti, juu ya mto. Akaingia Doña Ercilia kununua tangawizi na mdalasini. Akatazama mapambo, akauliza ni sherehe ya nani.

Ya mwanao, mama! Don Fello akamwambia. San Francisco!

"Kawaambia nani?"

"Nyumba yako, mama!"

Doña Ercilia alicheka mpaka akaweka kapu chini. Nyumba yake? Rangi ile si kachaguliwa na huyu mtoto hapa? Kidole hivi, pa! Akawaonyesha kwenye kaunta. Akasema, "Kamenichagulia vizuri kweli. Haka kabinti kimya hivi hivi, lakini kana jicho!" Akanibusu shavuni. Alikuwa ananisifu!

Wakamuuliza basi Anderlin mwenyewe kasemaje. Akasema mambo ya kazi hamuulizi. Akipiga simu humuuliza kama amekula. Akachukua tangawizi yake akaenda.

Hakuna aliyenitukana. Don Chichí alizipindua dhumna na kuanza kuzichanganya, taratibu, muda mrefu kuliko inavyohitajika. Yule mama aliyelia alipokuja kununua mafuta akamvua mtoto taulo. Mwisho Don Fello akasema, bila kunitazama, kwamba wao walikuwa wananiamini kwa sababu mimi ndiye pekee hapa nisiyejua kupiga kelele.

Niliinuka mwenyewe. Yeudy hakukaa. Kreti ikabaki tupu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Bado kuna tumaini moja. Kama Anderlin ataenda San Francisco kweli, basi sikudanganya.

Ijumaa, 15 Desemba

Kansas City.

Anabaki! Pale pale alipokuwa! Timu tuliyoifuta!

Nilisoma chooni shuleni. Maneno yake yameandikwa yote. Amesema binti yake ana miaka saba na ni mwenye haya sana. Ilimchukua mwaka mzima kupata rafiki mmoja darasani. Amesema hawezi kumpeleka mahali pengine akaanze upya kukaa kimya.

Nimesoma mara nne. Sababu gani hiyo? Haimo kwenye takwimu, haimo kwenye rangi. Mtu angeitabiri vipi?

Dukani walikuwa wameshajua. Nikawakumbusha, kwa heshima, kwamba Kansas City ni bluu, na kwamba mimi nilisema bluu tarehe saba, mashahidi wapo. Don Fello akaniambia, "Umetuletea bluu, umetuletea nyeupe, umetuletea chungwa. Ukiendelea kidogo, mwanangu, hutakosa." Yeudy naye akajaribu: jamaa wa misuli alisema New York kama mfano tu. Wakatupigia miluzi wote wawili.

Hukumu: wote tumekosea, wote tutalipa. Yeudy atapiga güira, lile bati la kukwaruza. Mimi nitaimba. Kreti inabaki ya duka.

Nimemeza asali, limau, na kidonge cha Mama cha presha kwa makosa. Mama anasema hakitanidhuru, nilale.

Jumamosi, 16 Desemba

Nimefanya.

Kulikuwa bado hakujapambazuka vizuri. Mtaa mzima mbele ya ile nyumba ya chungwa, mablanketi mabegani. Sikutegemea wangekuja wote. Hata muuzaji wa bawaba. Yeudy alikuwa kando yangu na bati lake. Nikaona mkono wake unatetemeka, bati linajikwaruza lenyewe. Nikamuuliza kama anaumwa. Akaniambia, "Nyamaza, we anza tu, kabla sijatapika." Yeudy! Yule wa mnadani!

Nilianza. Haikutoka. Nilianza tena, ikatoka, nyembamba sana, ya mtu mwingine. Mtu nyuma akasema pandisha, binti. Nikapandisha. Ubeti wa pili nikakosea maneno, nikaweka ya ubeti wa nne, wakajibu hivyo hivyo. Doña Ercilia alifungua mlango na birika la tangawizi, akaimba nasi akiwa na kandambili. Tuliimba hadi kanisani. Sikufa.

Mlangoni mwa kanisa Yeudy alisema sikuimba vibaya. Nikamwambia naye hakukwaruza vibaya. Sijui anapanga nini.

Jumapili, 17 Desemba

Nilipanga nisiende dukani tena maishani. Saa kumi Don Fello alikuja mwenyewe hadi getini. Akasema wazee wanataka kujua mkataba wa Anderlin una masharti gani, na hakuna wa kuwasomea. Nikasema sina habari yoyote mpya. Akasema hawataki mpya. "Tusomee kilichoandikwa tu, basi. Uongo pale mezani tunao wa kutosha, hata tunabakiza."

Nimelifikiria neno hilo njia nzima. Ni neno zito. Nimelielewa vizuri sana.

Kreti ilikuwa mahali pake, na mto. Yeudy alikuwa amekaa kwenye gunia la mchele, hakuinua macho. Nikafungua simu. Nikasoma kwa sauti ya jana, ile iliyopanda. Miaka minne. Akiumia, atalipwa vilevile. Baada ya mwaka wa pili anaweza kuchagua kuondoka na kuwa huru tena. Nilisoma kila neno, sikuongeza, sikupunguza. Walikuwa kimya, wananitazama mdomoni, na Don Chichí alitikisa kichwa kwa kuridhika kila nilipofika kwenye nukta. Haikuwahi kuwa nzuri hivi.

Ikaisha; kwenye simu hapakubaki neno. Don Chichí akanyoosha mkono kuchukua dhumna zake.

Nikasema kuna sentensi moja zaidi.